Walikuja Kumwona Mgonjwa, Wakamkuta Akichimba Njugu

BARUA ZA KAZINI

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: saa zile baada ya kazi, wenzako wanapotaka uendelee kuwa nao. Nimechagua tatu. Ya kwanza ni ndefu, lakini sikupata moyo wa kuikata.

*Mama, pokea salamu kutoka Kisumu. Nina miaka 27 na ni karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Tuko kumi na mmoja ofisini. Kazi naipenda. Shida yangu huanza Ijumaa saa kumi na moja jioni.*

*Kila Ijumaa wenzangu hutoka pamoja. Kwanza huenda Dunga kula samaki, halafu wanaotaka hurudi mjini kusikiliza ohangla mpaka usiku. Mchango ni shilingi 1,200 kwa kila mtu, ule usile. Mshahara wangu ni 31,000. Naishi Maseno na nyanya aliyenilea, sisi humwita Dani. Usiku nasomea CPA, ile ya uhasibu, na nina mtihani Desemba. Lakini nikuambie ukweli, Mama: hata ningekuwa na pesa na mtihani usiwepo, bado nisingetaka kwenda. Kutwa nzima napokea simu, nabishana na makontrakta juu ya ankara, nahesabu mabati na mifuko ya saruji. Jioni ikifika masikio yangu yamejaa. Ninachotamani ni kiti cha dirishani kwenye matatu, nishuke Maseno, ninunue mandazi mawili, nitembee hadi nyumbani bila kusemeshwa na mtu.*

*Miezi ya kwanza nilienda kwa sababu niliogopa kuonekana najivuna. Usiku mmoja matatu za kwetu zilikwisha, nikalala mtaa wa Manyatta, sakafuni kwa mwenzangu. Simu ilikuwa imezima. Dani alikesha mlangoni.*

*Basi nikaanza kusingizia. Kwanza kichwa kinauma. Kisha mazoezi ya kwaya. Kisha, mwezi wa Mei, nikasema Dani ana presha na lazima nifike mapema nimpe dawa. Uongo huo ulikubalika mara moja. Waliniruhusu hata kutoka dakika kumi kabla ya wakati. Wiki saba zikapita hivyo.*

*Jumamosi moja mwezi wa Julai nilikuwa nafua nguo, nikasikia gari langoni. Wenzangu sita walishuka, wamevaa vizuri. Walikuwa wamechanga pembeni bila kuandika chochote kwenye grupu yetu. Walileta sukari kilo nne, pakiti sita za unga, mafuta ya kupikia, majani chai na bahasha yenye shilingi 5,400. Dada wa mapokezi, mama wa watoto watatu, alikuwa amebeba kapu la machungwa ya mgonjwa. Wakauliza mgonjwa amelala chumba kipi.*

*Mgonjwa alikuwa nyuma ya nyumba akichimba njugu. Alikuja akitokwa jasho, anapangusa udongo kwenye leso, anacheka kwa furaha ya kupata wageni. Akauliza, "Nani mgonjwa?"*

*Hakuna aliyemjibu. Dani akachinja kuku. Wakala, wakaomba, wakaaga. Tulipofika langoni yule dada wa mapokezi aliniambia polepole, "Ungetuambia tu."*

*Tangu siku hiyo hakuna anayenialika popote. Nilichokitaka nimekipata, na nalia kwenye matatu. Juzi msimamizi wangu ameandika kwenye tathmini ya mwaka kwamba "hashirikiani na wenzake". Akaniambia kwa mdomo kwamba nikitaka kupandishwa cheo, nianze kuonekana Ijumaa. Nirudi Dunga? Niache kazi? Dani hajanigombeza hata mara moja, ila bahasha ameiweka chini ya Biblia yake na hajaigusa.*

*Aliyechoka Ijumaa, Kisumu*

Binti yangu, nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye lile kapu la machungwa. Mtu mwenye watoto watatu alipita sokoni, akachagua machungwa, akayabeba mapajani hadi Maseno kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Hao ndio watu unaowakimbia Ijumaa. Sisemi hivyo kukuongezea maumivu. Nasema kwa sababu naona umeandika maswali mawili mwishoni, Dunga au kuacha kazi, na kati ya hayo mawili hakuna linalogusa kidonda chenyewe. Kidonda ni ile Jumamosi.

Kwa hiyo tuanze na Jumamosi. Jumatatu ijayo mwombe Dani njugu, zikaange na chumvi kidogo, uzibebe kazini. Chai ya saa nne ikishamiminwa na watu wameketi, simama useme. Usiandike kwenye grupu. Uliwadanganya kwa mdomo, omba radhi kwa mdomo. Maneno yasizidi haya: "Dani hakuwa mgonjwa. Niliogopa kuwaambia kwamba siwezi kutoka kila Ijumaa, nikasema uongo, nanyi mkaja kwa upendo. Naomba mnisamehe." Usieleze juu ya mtihani, wala nauli, wala masikio kujaa. Hayo yana siku yake. Ukiyachanganya na msamaha, yatasikika kama kujitetea.

Bahasha irudishe. Shilingi 5,400 zote, mkononi mwa yule aliyezikusanya, siku hiyo hiyo. Dani ameshakuambia hivyo kwa kuiweka chini ya Biblia. Umri wake haumruhusu kula pesa ya mgonjwa asiyekuwepo, lakini mapenzi yake kwako hayamruhusu kukuaibisha. Sukari na unga usirudishe. Alivilipa kwa kuku, na huku kwetu kumrudishia mgeni chakula alichokileta ni kumtukana. Halafu nenda kwa dada wa mapokezi peke yake, umwambie alikuwa na haki kusema alichosema langoni. Mwulize watoto wake wanaendeleaje, na ubaki hapo usikilize jibu.

Sasa Ijumaa.

Mimi nilikaa katika ofisi ya mishahara ya kiwanda cha sukari huku magharibi kwa miaka 26, na kosa langu lilikuwa kinyume cha lako. Nilikwenda kila nilipoitwa. Mishahara ikishatoka mwisho wa mwezi, ofisi yetu yote ilihamia kwenye hoteli moja iliyokuwa ng'ambo ya lango la kiwanda, na mtu wa mishahara asipofika ilisemekana anaficha jambo. Nilikuwa mgeni, msichana kutoka kijijini, nikaona heri nionekane. Ilianza mwisho wa mwezi, ikawa kila wiki mbili, ikawa kila siku ambayo mtu ana sababu. Miaka minne. Kifungua mimba wangu alizoea kulala amekumbatia kandambili zangu za nyumbani akinisubiri nirudi nizivae. Mume wangu alikuwa ananiambia, nami namjibu kwamba ni kazi. Haikuwa kazi. Hakuna hata usiku mmoja kati ya hizo ambao ulinisaidia kupanga safu moja ya malipo.

Aliyenifungua macho ni mzee aliyekuwa akitunza stoo. Huyo saa kumi na moja ikigonga alishika baiskeli yake. Katika miaka yote sikumwona hotelini hata mara moja, na sikusikia mtu akimsema vibaya. Nilianza kumchunguza. Nikagundua kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua stoo, alizunguka idara moja baada ya nyingine akisalimu. Aliwajua watoto wetu kwa majina na madarasa. Mahindi yakikomaa kwake alileta ya kuchemsha kwenye sufuria yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa. Mtu akifiwa, alikuwa wa kwanza kupanda lori la mazishi. Watu hawakumhitaji jioni kwa sababu alikuwa nao mchana. Siku moja nilimwuliza anawezaje kukataa bila kuchukiwa. Akanishangaa, akasema, "Sijawahi kukataa. Niliwaambia wiki ya kwanza kwamba jioni nina ng'ombe."

Nawe una Dani na una vitabu, na hata usingekuwa navyo, una masikio yanayohitaji kimya. Hiyo ni sababu kamili. Kuna watu ambao kelele za wenzao huwapa nguvu, na kuna ambao huwamaliza, na wote wawili hufanya kazi vizuri. Tatizo lako si kwamba unapenda kiti cha dirishani. Ni kwamba hukuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo baada ya kuomba msamaha, acha wiki mbili zipite. Watakualika tena, naamini hivyo; watu waliokodi gari mpaka Maseno hawatakaa kimya milele. Wakikualika, jibu kwa sentensi moja: "Asanteni, Ijumaa mimi huenda nyumbani moja kwa moja, lakini chakula cha mchana tuko pamoja." Usiongeze sababu. Ukitoa sababu, mwenzako ataitafutia dawa: ukisema nauli, atasema atakupa, ukisema usiku, atasema utalala kwake. Ukisema ni desturi yako, hakuna cha kutatua. Na hicho chakula cha mchana kiwe kweli. Usile ugali wako nyuma ya kompyuta. Shuka, kaa nao, cheka na wenye kuchekesha.

Halafu mara moja baada ya miezi mitatu hivi, kukiwa na jambo lenyewe, mtu anaaga, mtu kapata mtoto, nenda nao Dunga. Ijumaa kila wiki ni shilingi 4,800 kwa mwezi, karibu sehemu ya sita ya mshahara wako. Mara moja kwa robo mwaka ni 1,200 unazoweza kuzipanga. Siku hiyo sema mapema, mbele ya wote, kwamba utaondoka saa kumi na mbili na nusu. Kisumu mwaka mzima jua huzama kati ya saa hiyo na saa moja, hivyo usipokawia utafika steji giza halijakolea na matatu za Luanda na Busia zinazopita Maseno zikiita abiria. Saa ikifika, simama. Usiage kwa nusu saa. Na ule samaki wako, binti yangu, ngege mzima na ugali, uifurahie pesa yako. Nimewaona wasichana wanaokwenda kwa shingo upande wakadonoa mkia tu, kisha wanalala njaa na hasira.

Neno moja la kutenganisha mambo. Usije ukachukua ruhusa hii ukaipeleka kwenye matanga. Mwenzako akifiwa na mzazi, gari la kazini likaenda Siaya au Vihiga, panda. Akilazwa, mwone. Hapo hatuzungumzi juu ya burudani. Kwenye hema la mazishi mfiwa huangalia kiti kwa kiti ni nani aliyetoka kazini kwake, na atakukumbuka ulipokaa. Nguvu unazoziokoa Ijumaa, nyingine zitumie huko.

Limebaki la msimamizi, na hapa sauti yangu itabadilika kidogo, kwa maana hilo limenikera.

Kuandika kwamba hushirikiani na wenzako ni shutuma ya kazi, na shutuma ya kazi hujibiwa kwa mambo ya kazi. Omba kuonana naye, peke yenu, asubuhi. Mwambie: "Naomba unionyeshe ni kazi gani iliyoharibika au kuchelewa kwa sababu sikushirikiana, nipate kurekebisha." Kama ipo, pokea, urekebishe, maana inawezekana katika wiki zile saba ulijificha hata kwenye mambo ya ofisi. Kama haipo, mwombe kwa heshima aliandike hilo pia. Nawe andika maelezo mafupi ya nusu ukurasa, weka tarehe, mpe nakala, ubaki na nyingine. Orodhesha hesabu ulizofunga kwa wakati na wateja uliowasaidia. Usitaje Dunga wala ohangla katika karatasi hiyo.

Kuhusu kuonekana Ijumaa ili upandishwe, mwulize kwa upole kama hiyo ni zamu. Ikiwa ni lazima, basi ni kazi, iwekwe kwenye ratiba na kampuni igharimie usafiri na chakula. Ikiwa ni hiari, basi hiari haiandikwi kwenye tathmini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiri haki ya kupanga saa za kazi, na wewe inakupa siku ya mapumziko angalau moja katika kila siku saba. Haisemi popote kwamba urafiki ni sehemu ya majukumu. Na kama unaogopa kufukuzwa, jua kwamba sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize ukiwa na mwenzako uliyemchagua, kabla ya kukuondoa kwa madai ya utendaji mbaya. Sidhani mtafika huko. Nakutajia ili ulale.

Kazi usiiache. Una CPA njiani, unaipenda kazi, na wapo watu sita waliovaa vizuri siku ya Jumamosi kwa ajili yako. Niandikie baada ya zile njugu. Nataka kujua walizila.

*Mama, mimi ni Msabato na nafanya kazi katika ofisi ya bima hapa Kakamega. Bosi wetu ameanzisha matembezi ya timu katika Msitu wa Kakamega, Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Anasema si kazi, ni kujuana tu. Lakini asiyefika hutozwa faini ya shilingi 500, na mwezi jana nimeikuta imekatwa kwenye mshahara. Wenzangu wanasema nilipe tu nisilete maneno. Je, nilipe?*

*Wa Sabato, Kakamega*

Usilipe, na iliyokatwa uidai.

Nilikata mishahara ya watu kwa miaka 26, na somo la kwanza nililofundishwa ni kwamba mshahara wa mtu haukatwi kwa sababu bosi ameudhika. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kimetaja makato yanayoruhusiwa. Kutokwenda matembezini siku usiyofanya kazi hakumo. Chukua hati yako ya mshahara, piga mstari chini ya ile 500, mpelekee mhasibu wenu umwulize imekatwa chini ya jina gani. Mhasibu anayeijua kazi yake ataona haya kabla hujamaliza swali. Asiporudisha, andikia bosi barua. Asipojibu, ofisi ya leba ya kaunti ipo na huduma yake hailipiwi.

Kuhusu Sabato, Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa kazi au haki yoyote kwa sababu ya imani yake. Lakini usianze na Katiba. Anza kwa kumwambia bosi jambo ambalo pengine hajui, kwamba Sabato yako huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi jua linapozama, na umwombe Jumapili moja. Msitu ule haufungwi Jumapili, na ndege wake huimba vile vile. Ukijitolea kuwa wa kupanga siku hiyo, kutafuta kiongozi wa msituni na kubeba maji, sioni atakavyosema hutaki kujuana na watu.

Hao wanaokuambia ulipe usilete maneno, wasamehe. Wamezoea.

*Mama, wengine wanalalamika kwako juu ya mabosi, mimi nalalamika juu ya wafanyakazi. Nina gereji Nakuru, vijana tisa na fundi mkuu mmoja ambaye nimekuwa naye tangu nianze. Biashara imekuwa nzuri nikaona niwape raha. Jumapili mbili zilizopita nimewapeleka Menengai, tushuke hadi ndani ya kreta, lile shimo la volkano, tupande, tuchome mbuzi. Nimetumia pesa nyingi. Vijana walikuja wamenuna, wawili wakaondoka kabla nyama haijaiva. Fundi mkuu ndiye aliyeniumiza zaidi. Mara ya kwanza alikaa juu kwenye gari akasema anaangalia mandhari. Mara ya pili hakuja kabisa. Siku hizi hata kazini amepungua, akiingia chini ya gari anatoka polepole akijishika, vijana wanamsubiri. Naona amejaa kiburi kwa sababu anajua siwezi kufanya bila yeye. Nimkemee?*

*Mwenye Gereji, Nakuru*

Ndugu yangu, moyo wako ni mzuri na siku yako ni mbaya. Vijana wako wanafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ndiyo siku pekee ya kufua ovaroli, kwenda kanisani, kumwona mtoto aliye kwa mama yake Njoro au Molo. Umewachukulia siku hiyo, ukawapandisha mlima, kisha ukashangaa hawacheki. Hao wawili walioondoka kabla ya nyama, ningekuwa wewe ningewauliza walikuwa wanakimbilia wapi, bila ukali. Utajifunza jambo juu ya maisha yao.

Kama unataka kuwafurahisha, funga gereji Alhamisi moja saa saba mchana. Siku ya kazi, saa za kazi, malipo yao yakiwa pale pale. Mbuzi achomwe hapo hapo uani, aletwe na wewe, na soda, na kachumbari nyingi. Saa kumi waachie waende. Utaona watakavyobaki kwa hiari yao mpaka giza, na yule mnyamavu zaidi atakusimulia habari zake akiwa na mfupa mkononi. Pesa utakayookoa kwa usafiri wa Menengai, igawe.

Ama kuhusu fundi mkuu, rudi usome ulichoniandikia. Umesema hakushuka kreta. Umesema akiingia chini ya gari anatoka polepole akijishika. Mmekuwa pamoja tangu uanze, na miaka yote hiyo amelala mgongoni juu ya sakafu ya saruji ya Nakuru, mahali penye baridi ya asubuhi tunayoijua, akinyanyua gia boksi. Mteremko wa Menengai si wa mtu ambaye magoti au kiuno vimekwisha, na mtu mzima hawezi kusema hivyo mbele ya vijana tisa anaowafundisha kazi. Akakuambia anaangalia mandhari.

Usimkemee. Kesho asubuhi fika mapema kabla ya vijana, nunua chai vikombe viwili, umkute anabadilisha nguo. Mwulize goti ni lipi.